Kapu la Chaza la Wanaume wa Funguni

Kijiwe chetu kiko juu ya ukuta wa hori, mkono wa bahari unaoingia mtaani, na chini yake linaning'inia kapu la chaza. Mwaka ule wa 2003 wakaazi wa ukingoni tulijitolea kufuga chaza wayachuje maji yaliyochafuka. Kina mama walipewa kapu lao ng'ambo, sisi letu hapa. Maji yao unamuona mpaka kaa anavyojikuna; yetu meusi tititi, na chaza wanakufa. Alasiri hii mkaguzi anakuja. Tukishindwa, kapu linahamia kwa kina mama, na mwenyekiti wao ni Bi Abeer, mke wa Darwesh. Mwenyekiti wetu ni Darwesh, maskini.

DARWESH: Nambieni la kumwambia mkaguzi! Nkishindwa, Abeer atancheka mpaka Idi.

Nahodha, muuza kahawa ya tangawizi, akatujazia vikombe. Wa kwanza kujibu ni Amjad, tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki.

REDIO: Chaza wetu wavivu. Mfa maji haachi kutapatapa, hawa hata kutikisika!

DARWESH: Chaza hatikisiki, Redio.

REDIO: Ndo uvivu wenyewe huo.

Akamaliza kikombe, mashapo akayatupa nyuma ya ukuta. Chubwi!

Akadakia Mazin, yaani Profesa, aliyewahi kumbebea mtaalamu mkoba.

PROFESA: Si uvivu. Wazima wanahamia kwa kina mama, kule kuna udi.

DARWESH: Kwa miguu ipi?

PROFESA: Asiye na mwana aeleke jiwe!

Chubwi!

REDIO: Basi nshajua. Chini ya hori kuna manowari, inatoa moshi. Ndo weusi huo.

DARWESH: Maji yakipwa si tungeiona?

REDIO: Tunaiona, tunajidai hatuioni. Haba na haba hujaza kibaba!

Chubwi! Na mimi nikatupa yangu.

Ndipo akafika mkaguzi, Bi Salhiya, mkulima wa mwani kutoka Jambiani, kanga kaifunga kiunoni.

— Asalaamu alaykum.

— Waalaykumu salaam, Bi Salhiya.

Akavuta kamba, akalinusa kapu. Akalinusa tena.

— Chaza wenu wananukia tangawizi. Hebu nambieni, mashapo ya kahawa mnamwaga wapi?

Redio akazimika. Profesa akatazama mbinguni. Darwesh alikuwa keshakiinamisha kikombe nyuma ya ukuta. Akakirejesha mdomoni taratibu, akayameza mashapo, mengine akayatafuna. Nilimhurumia kweli.

Ng'ambo, kicheko cha Bi Abeer hakikuingojea Idi.