Profesa Kuno ni Wetu

Kijiwe chetu kiko Garsen, mkabala na duka la dawa za mifugo. Mafuriko ya juzi yalitusombea benchi, kwa hiyo mwaka huu wa tisini na nane tunakalia mlango wa friji bovu. Asubuhi ile redio ilitangaza kuwa Profesa Kuno amefariki Uingereza. Mtoto wa hapa hapa, ambaye vitabu vyake vinasomwa katika vyuo vikubwa duniani. Tulihuzunika, sikatai, lakini vifua vilitujaa fahari.

WAKO (mfugaji): — Huyo Muorma. Yeye nasema mila hairithiwi kama ng'ombe, watu natengeneza kila siku pamoja. Hiyo maneno alitoa wapi? Malishoni kwetu, Minjila.

KOMORA (mkulima): — Malishoni wapi, bwana? Baba yake Mpokomo wa Wenje. Aliandika kuwa kila mtu ni mchanganyiko. Huo ni udongo wetu wa mtoni uliomfundisha.

AWADH (muuza samaki): — Na Kiswahili kile? Alilelewa na shangazi yangu Kipini. Kuno ni wetu, yeo na kesho. Waingereza wenyewe walimfuata awaambie wao ni nani.

WAKO: — Bunge yao nafunga siku moja, wote nasoma kitabu yake.

KOMORA: — Siku moja? Wiki nzima.

Hapo akatokea Batula, dada yake Kuno, viatu vimejaa tope, karatasi mkononi. Tukasimama kumpa pole. Nikampisha akae, nikammiminia kahawa.

BATULA: — Chuo chake kitatundika picha yake ukutani. Wametuma fomu. Jina na mwaka wa kuzaliwa mwanangu kajaza. Umebaki mstari wa kabila.

KOMORA: — Hilo rahisi, dada.

BATULA: — Kuno aliniambia nikiulizwa hilo, nisiandike kabila moja. Nije niwaulize nyinyi wa kijiweni. Haya, kaka zangu, niandike nini?

Komora akamtazama Wako. Kumbe huko ng'ambo Kuno alikuwa akitukumbuka. Wako akapokea kalamu ya Batula, akampa Komora, Komora akampa Awadh, Awadh akanipa mimi.

Mwishowe nikaandika: wa kijiweni, Garsen. Nikawasomea.

Batula akafuta macho kwa ncha ya mtandio. Wako akasema niandike tena, kwa herufi kubwa.