Fundi Juu na Tawi Lililotajwa Bila Kuonekana

Ndugu, jamaa, majirani na wafanyakazi wenzake mliokaa chini ya turubai hili, familia imemkabidhi mdogo wa kike wa marehemu, yule aliyeachiana naye ziwa, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yake, na kwa kuwa ndiye aliyemshikia kamba chini ya miti kwa miaka kumi na mmoja, hakuna aliyekubali kumpunguzia mzigo huu, ingawa aliomba sana.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Juu, alizaliwa tarehe 14 Machi 1976, katika chumba cha nyuma cha karakana ya baba yake ya useremala, akiwa wa pili kati ya watoto wanne, na mama yake husema kwamba alipanda rafu ya mbao kabla hajajua kutembea vizuri, na kwamba tangu siku hiyo yeye mama roho haijawahi kumtulia.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli kuanzia mwaka 1984 hadi 1990, akaendelea na sekondari hadi 1994, ambako hisabati ilimpiga chenga kila muhula, kisha akajiunga na chuo cha misitu mwaka 1996 na kuhitimu Novemba 1998 kwa cheti cha utunzaji wa miti.

Tarehe 1 Februari 1999 aliajiriwa na idara ya bustani ya mji, kukata matawi yaliyokufa kwenye miti mirefu ya barabarani, shuleni na hospitalini, kazi ambayo watu huiona ni ya msumeno, lakini yeye akisema msumeno ni wa mwisho, kazi yenyewe ni kupandisha kamba. Kwa wasioijua, kwanza hurushwa uzi mwembamba wenye kifuko cha mchanga, ukapita juu ya tawi zima, lisilooza, uzi ukavuta kamba, na kamba ikambeba mtu. Mti wa mita kumi na tano kushuka chini aliurushia kwa mkono, mti mrefu zaidi alichukua manati yake kubwa, aliyoifunga mwenyewe kwenye ufito wa futi nane, na mti ambao tawi lake halionekani kutoka chini hakuurushia kitu, aliupanda hatua kwa hatua, hata kama ungemla asubuhi nzima, na mtu akimharakisha alimwambia akalete macho ya akiba.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 11 Desemba 2004 na fundi cherehani aliyekuwa akimshonea vifuko vyake, na shemeji zake wanakumbuka kwamba alimpelekea kifuko kilekile mara tatu, na mara ya tatu hakikuwa hata kimechanika. Walijaliwa watoto watatu, wawili wa kike na mmoja wa kiume, na wote aliwapiga marufuku kupanda hata stuli.

Kuhusu ugonjwa, marehemu hakuugua. Hakuwa na presha wala sukari, alikuwa mzima kama mimi na wewe, na alikuwa na haki ya kuzeeka.

Januari 2023 idara ililetewa msimamizi mpya, naye akaja na bomba la upepo, chombo kinachofyatua kifuko hadi mita thelathini na zaidi, na ukweli usemwe, si chombo kibaya, marehemu alikitumia mara mbili kwenye miti iliyo wazi na akakisifu, ila alilalamika kwamba kinafika mbali kuliko jicho. Tarehe 20 Aprili aliandika barua akiomba abaki na manati kwa miti yenye majani mazito, barua haikujibiwa, badala yake aliambiwa mbele ya wenzake kwamba ni mtu wa kizamani na ana kiburi.

Jumanne tarehe 6 Juni walifika kwenye uwanja wa shule, kwenye mti wa mita thelathini na mbili, wakakuta manati imeshushwa garini kwa amri na kufungiwa stoo. Marehemu alisema kazi isubiri, msimamizi akasema kwenye simu kwamba wanaoitaka kazi hiyo ni wengi, wakavutana nusu saa nzima, walimu wakichungulia madirishani, na hapo ndipo mdogo wake, kwa kuchoka na kwa aibu, akachukua bomba na kufyatua mwenyewe. Uzi ulizama kwenye majani na kutokea upande wa pili, kaka yake akamuuliza kama ameliona tawi ulilokalia, naye akajibu ameliona.

Hakuwa ameliona. Waliivuta kamba wote wawili kwa uzito wao, ikashika, akapanda, na saa nne na dakika kumi asubuhi tawi bovu lililobeba kamba, likiwa limeegemea zima, likaachia, akaanguka kutoka mita kumi na nane.

Siku ya pili hospitalini alizinduka kidogo, akamuuliza mdogo wake tawi lilikuwa la namna gani, naye akamtajia tawi nene, bichi, lenye gome safi, marehemu akasema basi hata yeye angechagua hilohilo. Alifariki Ijumaa tarehe 9 Juni, saa saba mchana, akiamini jicho lake ndilo lingemponza.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya majeruhi, majirani waliotuachia vyumba vyao, na wafanyakazi wenzake waliolibeba jeneza bila kuombwa. Idara imetoa gari na shada, kwa gari tunashukuru.

Mwisho, tarehe 12 Juni idara ilileta karatasi isemayo kwamba marehemu alichagua kifaa na tawi mwenyewe, kwa uzembe wake, na mdogo wake akaisaini kama shahidi, kwa sababu aliambiwa asiposaini litaandikwa jina lake yeye badala ya la marehemu. Leo anaifuta saini hiyo, mbele ya mama yake, mbele ya wifi yake, na mbele ya msimamizi aliyekaa safu ya pili, na anaomba liandikwe jina lake.

Kaka, sikuliona tawi lolote. Pumzika kwa amani.