Tafadhali Msimpe Mke Wangu Ofisi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Ndugu Afisa Elimu, wakuu wa shule, walimu mlioshinda na mliokaribia kushinda, wazazi, wanafunzi, na mama mkwe wangu, ambaye ningemtaja wa kwanza kama itifaki ingeruhusu:

Kamati iliagiza kila mwalimu bora wa kompyuta aelezwe na mtu anayemfahamu kuliko wote. Mimi ni mume wake. Ndoa yetu ni changa kiasi kwamba zawadi nyingine hatujazifungua, lakini tayari najua kwamba akicheka hufunika pua badala ya mdomo, na kwamba pua hiyo ndiyo nzuri kuliko zote ukumbini humu. Nasema hivyo baada ya kuzitazama zote tangu tulipoketi.

Kwa kazi mimi ni fundi wa sofa, niliyeishia kidato cha nne. Kompyuta naijua kama ninavyoijua ndege: huiona ikipita. Kwa hiyo sitawaeleza mke wangu anafundisha nini. Nitawaeleza yaliyotokea siku ya harusi yetu.

Mpiga picha alitaka ndugu wapangwe kwa urefu, wafupi kushoto, warefu kulia. Mimi ningesema tu, "Wewe huku, wewe kule." Lakini wanafunzi wake wa kidato cha pili walikuwepo, na katika darasa lao, lenye kompyuta chache kuliko madirisha, wamezoea kuwa kompyuta wenyewe: husimama mstari, hupewa sheria, huitii bila kuongeza akili. Wakaomba kazi. Bibi harusi akawapa. Msichana mmoja mwenye miwani akapanda juu ya kiti akatangaza: "Kila mtu amtazame jirani wa kulia. Kama hajakuzidi urefu, badilishaneni nafasi. Endeleeni mpaka asibaki wa kubadilishana."

Mheshimiwa, ilifanya kazi ajabu. Mjomba wangu yule mrefu alisafiri mwenyewe hadi mwisho wa mstari. Watu wakatulia mmoja mmoja. Kasoro shangazi zangu wawili, ambao ni mapacha, na wamelingana kwa kila kitu isipokuwa maoni.

Walibadilishana. Wakatazamana. Hakuna aliyemzidi mwenzake. Wakabadilishana tena.

"Hebu simama, umenikanyaga!"

"Nisimame vipi na sheria haijasimama?"

"Basi kubali kwamba mimi ni mrefu."

"Kwa kilemba hicho? Kivue tuone!"

Mpiga picha akalalamika jua linakwenda. Mama mkwe akasema, "Mwanangu, si wewe ndiye mwalimu? Waambie waache, watu wana njaa." Wanafunzi wote wakamgeukia bibi harusi. Naye, ndani ya shela lake, mkono wake ukiwa ndani ya wangu, akasema taratibu: "Msinitazame mimi. Itazameni sheria. Imekosea wapi?"

Nani kati yenu angekuwa na subira hiyo siku ya harusi yake? Mimi sikuwa nayo. Nilikuwa ndani ya suti ya kuazima, na mwenye suti alikuwa ananitazama. Lakini nilimwona anavyowatazama wale watoto wakifikiri, nikampenda upya, papo hapo, bila kusubiri picha.

Msichana wa miwani akaruka kutoka kwenye kiti. "Mwalimu! Wakilingana pia tumewaamuru wabadilishane! Hawatakaa waache! Tuseme hivi: badilishaneni pale tu jirani wa kulia akiwa mfupi kuliko wewe!"

Shangazi wakasimama. Picha ikapigwa, ina giza kidogo. Ipo sebuleni kwetu, juu ya sofa. Sofa ni kazi yangu.

Sasa, Mheshimiwa, umetangaza hapa, nasi tukapiga makofi, kwamba zawadi ya mshindi ni kuhamishiwa ofisi ya elimu, apewe meza yake na kiyoyozi. Ofisi hiyo inatazamana na karakana yangu. Ningekuwa namwona dirishani kutwa nzima huku napigilia misumari. Je, yupo mume mpya wa kukataa neema kama hiyo?

Yupo. Fununu tulizisikia asubuhi, akiwa ananifunga tai. Nikamuuliza, "Unaitaka hiyo ofisi?"

"Na wanangu wa kidato cha pili niwaache na nani?"

"Basi kataa."

"Nikatae zawadi mbele za watu? Ni kukosa adabu."

"Nitakataa mimi. Mimi nikikosa adabu watasema ni fundi tu."

Akafunika pua.

Kwa hiyo nakataa. Sheria yetu inasema mwalimu akifundisha vizuri sana, aondolewe darasani. Anakuja mwingine. Naye akishajua kufundisha, tunamwita ukumbini, tunampigia makofi, tunamwondoa. Wanafunzi wanarudi mwanzo kila mara. Sikusoma sana, lakini mzunguko huu nimeshauona, na ulikuwa umevaa vilemba viwili.

Mpeni tuzo, maana anastahili kuliko mnavyojua. Meza mpeni mwingine. Kiti cha darasani nitamtengenezea mwenyewe, chenye sponji nzuri, na jioni nitamsubiri kituoni kama mume yeyote mwenye bahati.

Mheshimiwa, naona umemgeukia Afisa Elimu, na Afisa Elimu amekugeukia wewe. Msitazamane. Itazameni sheria.

Asanteni kwa masikio yenu. Naomba sasa nirudi nikakae na mke wangu.