Hondohondo Bado Yuko Ndani ya Mvule

Risala ya Kikundi cha Waongoza Njia wa Msitu wa Lubanda, ikisomwa na katibu wake, Suzana Maduhu, siku ya uzinduzi wa barabara ya hifadhini

Mgeni rasmi, mama yetu mheshimiwa, shikamoo. Viongozi mlioongozana naye, wazee wetu, na ninyi nyote mliotoka Geita mjini, Buseresere na hata Kahama, mwadila.

MAKARIBISHO

Karibu sana kwenye geti la Hifadhi ya Taifa ya Msitu wa Lubanda. Tunajua umezoea kupokewa kwa ngoma na spika. Leo hakuna, na mama zetu tumewabembeleza wameze vigelegele vyao. Si dharau, mheshimiwa. Humu ndani wamo wenyeji wasiopenda makelele, na riziki yetu inatokana nao. Tulitaka pia kukupa jogoo kama ilivyo desturi, lakini kuku haruhusiwi hifadhini. Askari wa geti alimrudisha jogoo pamoja na aliyembeba.

TULIKOTOKA

Wengi wetu ni watu wa machimbo. Tumekuwa wachimbaji, wavuta kamba, mama lishe, na wakata matimba, yale magogo yanayozuia duara, yaani shimo la dhahabu, lisimporomokee mchimbaji. Msitu huu ulipofanywa hifadhi tulinuna kabisa, tukaona tumefungiwa mlango. Kisha hifadhi ikatuita, ikatufundisha kuongoza wageni, nasi tukafyeka njia ya miguu kwa mapanga yetu.

TUNACHOJIVUNIA

Mheshimiwa, njia yenyewe ni nzuri mno. Inaanza nyuma ya geti hili, inapinda kati ya mizizi mirefu kuliko mtu, inavuka kijito chenye maji baridi hata kiangazi, kisha inapanda hadi kwenye mwamba ambapo ziwa lote linaonekana. Asubuhi ukungu ukiwa bado matawini, shorobo anaruka kutoka mti hadi mti, na mabawa yake yanafunguka mekundu, mekundu kweli. Furukombe anapaza sauti kutoka upande wa ziwa. Sisi tunaopita hapo kila siku bado tunasimama kumsikiliza.

Wageni wanatoka mbali kuja kuona haya, na siku hizi wanakuja hata watu wa kwetu. Mzee Donatus, mwenzetu aliyechimba dhahabu tangu ujana, siku tuliyompa darubini kwa mara ya kwanza aliizungusha matawini, mti kwa mti. Kisha akasema, "Kumbe! Haya yote yalikuwa juu, na mimi maisha yangu yote naangalia chini?" Darubini hiyo tulimnyang'anya kwa shida.

CHANGAMOTO

Katikati ya njia upo mti wa mvule wenye tundu, na ndani ya tundu hilo yumo hondohondo jike. Ndege huyu akitaka kutaga huingia tunduni, mlango ukazibwa kwa udongo, ukabaki ufa mwembamba tu. Manyoya yake ya kurukia yanapukutika humo humo. Dume ndiye anayemletea matunda na wadudu, anampitishia kwenye ufa, yeye na makinda. Dume asipokuja, wote wanakufa.

Mwenzetu Maganga, aliyekuwa mvuta kamba huko machimboni, alipoelezwa habari hii alivua kofia. "Basi huyu ni mtu aliye duarani," akasema. "Mtu akiwa chini, mvuta kamba haondoki mdomoni mwa shimo. Hata mvua inyeshe, hata chakula kiitwe, haondoki." Na sisi sote tuliokulia machimboni tulimwelewa hapo hapo. Tangu siku hiyo tunaulinda mti ule kwa zamu.

Sasa, mama, barabara. Kutoka Buseresere hadi hapa gari hunasa kwenye tope, na tunaishukuru serikali kwa moyo mweupe kwa kipande hicho. Lakini ramani haikuishia hapa. Imeendelea juu ya njia yetu ya miguu hadi mwambani, na mvule ule umepigwa alama ya rangi nyekundu. Greda lile pale unaliona. Tulimwendea msimamizi wa kazi, kijana mwungwana, akatujibu, "Jamani, mimi natekeleza. Mleteni mkubwa aseme." Ndiyo maana tumefurahi sana kukuona. Ukishakata utepe ule, msumeno unawashwa.

OMBI

Wenzetu kila mahali wanaomba barabara, nasi tunaona aibu kidogo kusema hili. Tunaomba yetu iishie getini. Mgeni akipita msituni ndani ya gari ataona vumbi lake mwenyewe, na sisi tutakuwa hatuna cha kumwonyesha. Ikishindikana kabisa, basi tunakuomba, mama, msumeno usubiri hadi jike yule atoke na wanawe.

Usituamini kwa maneno. Saa hizi dume huwa analeta chakula. Gari zibaki hapa, tutembee wachache, polepole, tukaangalie, halafu ndipo uamue kuhusu utepe. Mabuti tumeyaweka chini ya meza yako. Saizi alitutajia dereva wako, tafadhali usimgombeze.

Mwisho, Maganga anakuomba radhi kwa kutokuja kukusalimia. Ni zamu yake. Yuko chini ya mvule tangu alfajiri, na amesema hataondoka hapo hadi akuone unakuja kwa miguu au alione greda.

Mwenyezi Mungu akujalie afya, busara na magoti imara ya kupandia mlima wetu. Wabeja sana.

Ni sisi,
Kikundi cha Waongoza Njia wa Msitu wa Lubanda