Duara la Bluu Chini ya Gunia

Benchi la kijiwe kile halikuanza maisha likiwa benchi. Lilikuwa kipande cha sitaha ya boti, kikatolewa nje na karakana iliyo ng'ambo ya barabara, na jamaa wakakilaza juu ya mapipa mawili, wakakitandikia gunia, wakahamia. Wenyeji wake ni watatu. Yupo Rada, mlinzi wa usiku wa karakana hiyo, ambaye hutoka kazini asubuhi na kusahau kwenda kulala. Yeye ana mahali pake pa upande wa kulia, na hamwachii mtu, kwa sababu anasema hapo pana ulaini. Yupo Shoti, fundi umeme, na jina lake halihitaji maelezo. Na yupo Bi Birika, mwenye jiko, kahawa na neno la mwisho. Asubuhi ile aliongezeka wa nne: Tabaka, msimamizi wa ubandikaji karakanani, ambaye tangu amzike mkewe alikuwa akipita kwa mbali tu na kuinua mkono. Leo alikaa. Alishika kikombe kwa mikono miwili, na kahawa ikapoa humo humo.

— Kwa hiyo boti inaondoka, haiondoki? aliuliza Rada.

— Sijui.

— Trela liko njiani.

— Najua.

— Bosi anasemaje?

— Bosi kasafiri. Kasema nikimwambia nzima, ipakiwe. Nikimwambia mbovu, tuikate sitaha tuanze upya.

— Si umwambie basi!

— Nimwambie lipi, mzee?

Boti yenyewe ilikuwa ya kuvusha abiria. Sitaha yake ilijengwa kama mkate uliotiwa kitu katikati: ngozi ya faiba chini, povu gumu ndani, ngozi nyingine ya faiba juu. Kinachovifanya vitu hivyo vitatu kuwa kimoja ni gundi, na gundi haipatani na hewa. Siku ya kubandika lile povu, mafundi walifunika kila kitu kwa plastiki, wakaziba kingo, wakawasha pampu ifyonze hewa yote. Katikati ya kazi umeme ukakatika. Pampu ikanyamaza, plastiki ikaanza kulegea, na watu wakakimbilia mifuko ya mchanga, wakaipanga juu popote mikono ilipofika. Sasa sitaha imekauka, inang'aa hadi mtu anajiona uso. Kama hewa imejifungia mahali, haionekani. Itajulikana majini, baada ya mawimbi mengi na miguu mingi, siku ngozi itakapoachana na povu na sitaha ikabonyea chini ya mama aliyebeba mtoto.

Zamani jambo hilo lilikuwa na mwenyewe. Mke wa Tabaka, karakana nzima ilimwita Sikio. Alipita juu ya kila sitaha akiigonga kwa nati ya shaba, ko, ko, ko, kichwa kimeinama upande, na mahali asipopapenda alipazungushia duara kwa kalamu ya bluu. Hakuna aliyebishana na duara. Boti hii ilikuwa ya kwanza kumalizika bila yeye.

— Lakini umegonga mwenyewe? aliuliza Shoti.

Tabaka alitoa nati mfukoni, akaitazama, akairudisha.

— Jana kutwa.

— Ikasemaje?

— Kote inalia sawa.

— Nzima hiyo! Piga simu!

— Au kote mbovu. Shoti, tangu msiba kila kitu kwangu kinalia sawa. Mlango, sufuria, kengele ya karakana. Sijui kama ni sitaha au ni mimi.

Bi Birika akachochea makaa ambayo hayakuhitaji kuchochewa.

— Mimi nitakwambia kitu cha kitaalamu, alisema Shoti, ambaye hakuwahi kustahimili kimya. Umeme ukikatika ghafla haukatiki wote. Mwingine unabaki kwenye waya, unapoa. Ule ubaridi ukishuka kwenye pampu, unarudi hadi kwenye gundi. Gundi inapigwa na homa.

— Gundi inapigwa na homa?

— Si inatoa joto ikikauka? Kitu chenye joto kinashindwaje kuwa na homa?

— Acha hizo, alisema Rada. Mimi nalala na hizo boti.

— Unalala kweli. Hilo hatubishi.

— Nakesha nazo, ndugu! Shida ni lile povu. Limekuja kwenye kontena, limekaa gizani safari nzima. Kitu kimechoka hivyo, mnakitoa tu mnakipaka gundi? Hakijapumzika, hakijazoea hewa ya hapa. Usiku nalisikia linashusha pumzi.

— Hiyo ni pumzi yako, mzee. Mtaa mzima tunaisikia.

— Nyote hamjui, alisema Bi Birika. Siku ile mafundi mligombana. Niliwasikia hadi hapa, huyu anamlaumu yule kwa mifuko ya mchanga. Gundi inasikia. Mimi nikipika uji na hasira unatoka mabonge, na uji hata si wa kubeba watu.

— Ndiyo maana kahawa ya leo iko hivi?

— Ya leo iko hivi kwa sababu nakuona wewe.

Rada aliona zamu yake imerudi, akajiweka sawa pale pake.

— Ukweli ni kwamba faiba na povu havikuumbiwa kukaa pamoja. Unavibandika tu, unavikandamiza, hakuna aliyeviuliza. Leo vimeshikana, kesho kimoja kinaondoka, kinamwacha mwenzake anahangaika pe...

Bi Birika alimkanyaga mguu. Rada akameza maneno yaliyobaki pamoja na kahawa, ikamuunguza.

— Samahani, mwanangu.

— Haina neno, alisema Tabaka.

Trela likafika wakati huo. Dereva, jamaa mnene mwenye taulo shingoni, aliliegesha mbele ya geti, akaacha injini ikinguruma, akavuka barabara akijinyoosha mgongo.

— Habari za hapa?

— Nzuri, kaka. Keti. Kahawa?

— Nipe. Nimeendesha tangu alfajiri. Kumbe mzigo wenyewe bado? Mlinzi wa getini kaniambia eti kuna fundi anausikiliza.

Wakamweleza, wote kwa pamoja, na homa ya gundi ikaingia, na povu lililochoka, na uji. Dereva alisikiliza akipuliza kahawa yake. Hakucheka.

— Sasa, alisema, sitaha ikiwa mbovu inaliaje?

Shoti alimgeukia Rada. Rada alikuna kidevu. Miaka yote walimwona Sikio akigonga, wakamtania, wakamwigiza anavyoinamisha kichwa. Waliyaona maduara. Hakuna aliyewahi kusikiliza.

— Wewe, alisema Bi Birika taratibu, akimgeukia Tabaka. Hakukwambia, baba?

— Hakusema. Mimi nilikuwa nangoja duara tu.

Tabaka akaweka kikombe chini ili ainuke, na mkono wake ukateleza kwenye gunia, ukabonyea karibu na alipokaa Rada. Akabaki ameushikilia pale pale. Kisha akamtazama Rada.

— Mzee, simama.

— Mimi? Nimeshasema samahani.

— Simama, mzee wangu. Nyote, tafadhali.

Wakasimama. Alilivuta gunia. Upande wa kulia, chini ya uchafu wa miaka na alama za vikombe, lilikuwepo duara la bluu, limefifia ila limekamilika, pana kama sinia, mahali hasa ambapo Rada alikuwa akifuata ulaini wake.

Tabaka alipiga magoti barabarani. Akagonga nje ya duara. Ko. Sauti kavu, fupi. Akagonga ndani. Bo. Akarudia: nje, ndani, nje, ndani. Aliinamisha kichwa upande bila kujua, na Bi Birika akageukia jiko lake, akajifuta uso kwa ncha ya kanga.

— Hata mimi nimesikia, alisema Shoti kwa sauti ndogo.

Tabaka aligonga kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Mwishowe alisimama, akakung'uta magoti, akanywa kahawa yake iliyopoa hadi tone la mwisho.

— Shoti, una kalamu?

— Ninayo ya kuandikia waya. Nyeusi lakini.

— Nipe hiyo hiyo.

Akavuka barabara, akaingia getini. Dereva akanyoosha kikombe aongezewe, Bi Birika akainamisha birika, likatoa matone machache na machicha.

— Imekwisha, kaka.

Hakuna aliyekaa. Walisimama kulizunguka benchi lililo wazi wakiangalia geti. Kutoka ndani ya karakana, juu ya mngurumo wa trela, ilianza kusikika, polepole, hatua kwa hatua: ko, ko, ko, ko. Ikaenda mbali, ikarudi. Ko, ko.

Kisha ikanyamaza.

— Vipi tena? aliuliza dereva.

— Anachora, alisema Bi Birika. Kazime gari, kaka.