Uso wa Bi Funguo

Ndugu waombolezaji, karatasi hii ya wasifu imekataliwa na wasomaji watatu kabla ya kumwangukia dada wa marehemu, muuguzi mstaafu, naye ataisoma hadi mwisho, mpende msipende.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Machi 1958, wa kwanza kati ya watoto wawili, akasoma shule ya msingi nyuma ya kiwanda cha sabuni, na mwaka 1977 akajiunga na chuo cha filamu, ambako alifundishwa kwamba kamera ikiwekwa chini mtu huonekana jitu, na uso ukitiwa ukungu mtazamaji huogopa bila kuambiwa. Alikuwa wa kwanza darasani, hilo hatumnyimi. Alifunga ndoa tarehe 4 Juni 1983, akajaliwa binti mmoja, ambaye yupo hapa.

Mwaka 1986 alitengeneza filamu kuhusu hospitali kuu, akamwomba dada yake asimame mlangoni mwa wodi, naye, kwa kumwamini ndugu wa tumbo moja, akasimama na funguo mkononi, maana alikuwa anakwenda kufungua kabati ampe dawa mgonjwa aliyekuwa akilia kwa maumivu. Marehemu akampiga picha kutoka sakafuni, akambana kwenye kona, mgonjwa akamwacha nje ya picha, funguo zikaonekana meno yote, uso wa dada ukawa ukungu mtupu. Mji mzima ukaona askari jela. Akabatizwa Bi Funguo, akaondolewa wodini, akafua mashuka miaka kumi na tisa, na marehemu akapewa tuzo. Alipoombwa awaeleze watu ukweli, alijibu kwamba kamera haisemi uongo. Lo! Kamera haina mdomo, mwenye mdomo alikuwa yeye.

Figo zilimshinda Januari mwaka jana, na aliyemwogesha, akamlisha na kumgeuza kitandani ni huyo huyo Bi Funguo, wala si kwa wema, alikuwa anasubiri neno moja tu. Tarehe 2 mwezi huu, saa nne asubuhi, marehemu alimshika mkono, akafungua kinywa, akaomba ainuliwe mto. Kisha akakata roho.

Tunawashukuru madaktari, majirani, na wapiga picha wenzake waliokuja na kamera zao. Wewe uliyepiga magoti hapo mbele, inuka, piga usawa wa macho, na uso huu uonekane vizuri.

Pumzika kwa amani, kaka, ukiipata. Dada yako hajakusamehe.