Utepe wa Nne wa Chumba cha Kompyuta

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi hii kumekucha kwa manyunyu na ukungu, na jua limechomoza pale tu gari la kwanza la msafara lilipoingia getini. Tunamshukuru Mungu. Hata jua limeona si adabu kukuacha uloane.

Mgeni rasmi, mkuu wa chuo, msimamizi wa vifaa, mshika funguo, mwalimu wetu wa jioni, ndugu, jamaa na majirani:

MAKARIBISHO

Karibu sana. Sisi wanafunzi wa darasa la jioni, tunaojifunza kutengeneza michezo ya kompyuta, tumefurahi mno kukuona. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwetu msemo huo si pambo la risala, maana mlango ulio nyuma yako hufunguliwa akija mgeni tu. Ndiyo sababu tangu alfajiri tumekuombea safari njema, pengine kwa bidii kuliko ndugu zako wa damu.

Tunaomba radhi kwa jambo moja. Risala hii tumeiandika pamoja, lakini inamhusu zaidi mwenzetu mmoja, fundi cherehani, tunayemwita Mama Uzi. Ndiye huyu anayekusomea. Alikataa katakata kujisifu. Alisema, "Andikeni ninyi, mimi nitasoma kama habari za jirani." Basi ukisikia "yeye", mtazame aliyeshika karatasi.

HISTORIA YETU

Darasa letu ni la watu waliochelewa. Kuna mlinzi, kuna dereva wa lori, kuna muuguzi mstaafu. Mama Uzi alijiandikisha baada ya binti yake wa mwisho kuolewa. Binti huyo alimshangaa: "Mama, wenzako wanacheza na wajukuu, wewe unakwenda kucheza na kompyuta?"

"Hao wajukuu nitacheza nao nini," alijibu, "na gemu zao sizijui?"

Mwaka huo huo chumba cha kompyuta kilizinduliwa. Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mgeni wa kwanza alikata utepe, akaketi, akapigwa picha akibonyeza kibodi. Picha ni nzuri, imetundikwa ofisini. Kompyuta haikuwa imewashwa, lakini uso wa mgeni uling'aa kwa niaba yake. Gari lake lilipotoka getini, kompyuta zikavishwa nailoni na mlango ukafungwa.

Tulipouliza, msimamizi wa vifaa alitujibu kwa upole wa mzazi: "Jamani, mkizitumia zitachakaa. Mgeni mwingine akija tutamwonyesha nini?"

Hoja ilikuwa nzito, tukaibeba tukaenda nayo nyumbani. Akaja mgeni wa pili, akaja wa tatu, kila mmoja akakizindua chumba kile kile kwa utepe mpya. Na kwa kuwa chuo hakina fundi mwingine, kila utepe ameushona Mama Uzi. Huo utakaoukata leo ameushona yeye pia, akakunja kingo zake kwa mkono ili usikufumukie vidoleni.

MAFANIKIO

Mafanikio ni mengi. Tulipewa kompyuta moja iliyostaafu ofisini, nayo ikapangiwa makazi stoo, pamoja na mafagio. Kabla ya kuiwasha tulikuwa tunasali. Jioni moja tulikuwa na haraka tukaruka sala, ikagoma. Mwalimu alisema ni feni yake imejaa vumbi. Hatukubishana na mwalimu, ila sala hatukuiruka tena.

Kwenye kompyuta hiyo Mama Uzi alitengeneza gemu. Mchezaji ni fundi anayetafuta njia ya kuingia katika chumba cha kusomea. Anapita kwenye veranda, anapanda ngazi, anauliza ufunguo uko wapi, anatumwa kwa huyu, anarudishwa kwa yule. Sasa, Mama Uzi ana desturi ya kazi yake: hakati kitambaa bila kupima, na hachori kitu ambacho hakukiona kwa macho. Kwa hiyo kila jioni alikuwa akichungulia dirishani, kisha anakuja stoo kuchora alichokiona. Akachora meza. Akachora viti. Juu ya kila meza akachora kichuguu kilichofunikwa nailoni.

Tukaipeleka kazi hiyo kwenye tamasha la michezo ya kompyuta. Ukumbi ulijaa vijana, kila mmoja na vifaa vya masikioni, kelele kama soko. Kijana wa mapokezi alimtazama Mama Uzi, akainuka kwa heshima.

"Shikamoo, bibi. Umemsindikiza nani?"

"Marahaba, mwanangu. Nimejisindikiza mwenyewe. Niandike."

Jaji aliyeketi kuijaribu gemu yetu alikuwa binti mwenye nywele za rangi ya zambarau. Alicheza, akatabasamu, akasimama kidogo.

"Mama, mbona kompyuta zako zote zimefunikwa?"

Mama Uzi alishangaa kwelikweli. "Kwani huwa zinafunuliwa?"

Binti yule alicheka mpaka akashika meza. Wa meza ya pili wakaja kuuliza kuna nini, nao wakacheka. Mwisho wa siku tulitangazwa washindi wa tuzo ya gemu yenye kejeli kali kuliko zote. Mgeni rasmi, tunakiri mbele yako: tulipokea tuzo ya kejeli kwa ajili ya mtu aliyekuwa amesema kweli tupu.

Lakini yule jaji alimvuta pembeni. "Mama, huu mlango wa mwisho unafunguliwaje? Nimebonyeza kila kitu."

"Hata mimi natafuta, binti yangu."

"Basi umalizie. Mwisho wa Juni kuna tamasha kubwa, watakuja watu wanaochukua gemu na kuzisambaza. Jina lako nimeliweka. Ila gemu isiyo na mwisho hawaipokei."

Tangu siku hiyo Mama Uzi hulala na hilo, huamka na hilo.

CHANGAMOTO

Changamoto hatuna, ila tusipotaja hata moja risala itaonekana fupi.

Juma lililopita kompyuta ya stoo ilitoa moshi. Tukasali. Ikatoa moshi zaidi. Tumeipokea kazi ya Mola. Gemu yenyewe ni salama, imo kwenye flashi ambayo Mama Uzi ameifunga kwa uzi na kuivaa shingoni, mtu anaweza kudhani ni hirizi. Iliyobaki ni hatua ya mwisho tu: chumba chenyewe, kwa ndani.

Alikwenda kwa msimamizi wa vifaa kuomba aingie.

"Mama Uzi, subiri kidogo. Jumamosi tuna mgeni."

"Na baada ya mgeni?"

"Tutafunga, mama. Lazima tujiandae kwa mgeni mwingine."

Leo tumeelekezwa kwamba ukiingia utukute tumeketi mbele ya kompyuta, tuonekane tumezama katika masomo. Tutatii. Ila tunakuarifu mapema kwamba tutazigusa kwa mara ya kwanza pamoja nawe. Ukitukuta tunazipapasa mgongoni tukitafuta pa kuwashia, usidhani ni uzembe. Ni kutofahamiana tu.

MAOMBI

Hatuombi fedha. Hatuombi jengo. Kompyuta nyingine tafadhali usituletee, nailoni imepanda bei.

Tunaomba kitu kimoja. Ukishakata utepe, ufunguo uuchukue kwa mshika funguo, uukabidhi kwa mwalimu wetu wa jioni, hapa hapa, kabla dereva wako hajawasha gari. Msimamizi wa vifaa si mtu mbaya. Ni mtu mtiifu, na tunamwombea kila jioni. Akiambiwa na mkubwa "funga" anafunga, na tunaamini akiambiwa "acha wazi" ataacha. Ni vile tu hakuna aliyewahi kumwambia.

Mwenyezi Mungu akulinde katika safari zako zote, akupe afya, aipe nyumba yako amani. Kila mlango utakaoubisha ukafunguke, na ukishafunguka usifungwe nyuma yako.

Ni sisi, wanafunzi wa Darasa la Jioni, Kikundi cha Watengeneza Gemu wa Stoo.

Sasa msomaji wetu ataweka karatasi mezani, kwa kuwa maneno yaliyobaki ni ahadi yake mwenyewe. Sisi tumeyaandika ili yasipotee. Ameomba nyote mliopo, na msimamizi wa vifaa akiwemo, muwe mashahidi:

"Mgeni rasmi, naahidi mbele ya Mungu na mbele ya hawa. Utepe mwingine wa mlango huu sitashona. Jumatatu jioni nitakuja na flashi yangu kumalizia gemu. Nikiukuta mlango wazi, nitauchora wazi. Nikiukuta umefungwa, nitaazima kompyuta popote pale niuchore umefungwa, na wewe nitakuchora mbele yake, umeshika mkasi."